Nusu ya Daftari Niliyokukatia

S.L.P. 118,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 16 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Elina,

Mwadila, mayu. Mhola? Sisi huku mhola duhu, tunamshukuru Mungu. Mvua mwaka huu zinanyesha kwa kutubabaisha, leo zipo kesho hazipo, lakini mahindi yamefika kifuani na pamba imeanza kutoa maua. Wifi yako Felisita ni mzima. Magoti yanamsumbua, ila sauti haijapungua hata kidogo, kama utakavyoona humu ndani.

Vipi wewe huko Masasi? Joto limepungua? Wanafunzi wako wa zamani bado wanakuja kukusalimia? Kichwa bado kinakuuma jioni? Na kiu je? Na macho? Naona nimeshaanza kuuliza mambo usiyotaka kuulizwa, basi nisizunguke mbuyu.

Goodness amenipigia. Usimgombeze mwanao, alilia kwenye simu mpaka nikashindwa kumsikia. Alipokuja kwako Krismasi, akitafuta funguo kwenye mkoba wako, alikuta karatasi ya hospitali: sukari kumi na tano. Na vidonge akavikuta juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa, mfuko haujafunguliwa. Alipokuuliza ulimwambia ni vya jirani. Elina, jirani gani huyo anayehifadhi dawa zake nyuma ya sufuria yako?

Mimi nikikupigia na kugusa habari hiyo, mtandao wa Masasi unakufa papo hapo. Ukitaka kunieleza habari za kwaya, mtandao unakuwa mzuri saa nzima. Ndiyo maana nimeandika. Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho hata ukikasirika, maana nitakueleza aibu zangu zote, na unajua mimi si mtu wa tabia hiyo.

Ya kwanza ndiyo hii: mimi nami ninayo sukari. Tangu Oktoba. Nilikuficha vilevile ulivyonificha wewe, kwa hiyo kwa hilo tusidaiane.

Daktari wa pale kituo cha afya alinipa vidonge, akasema nipunguze ugali, nitembee kila siku, na kila ninachokula na kila ninapotembea nikiwekee kumbukumbu. Nirudi nayo baada ya miezi mitatu. Sukari ikiwa haijashuka, naanza sindano. Kila siku, tumboni, najichoma mwenyewe. Elina, unanijua mimi na sindano. Siku ya chanjo pale shuleni nilikimbilia kwenye mashamba ya mtama, na Masalu ndiye aliyenitafuta, akanibeba mgongoni mpaka mezani kwa daktari huku nikimng'ata bega.

Na habari za Masalu hatuhitaji kuandikiana. Alianza kukatwa kidole, ukafuata mguu, kisha tukamzika. Kaka yetu aliyekuwa akicheza ngoma mpaka vumbi linaomba msamaha. Kwa hiyo daktari aliposema sindano niliogopa, lakini alipoinama kutazama miguu yangu niliogopa zaidi.

Lakini hakuniambia hiyo kumbukumbu niiweke vipi. Ungedhani ni jambo dogo. Mdogo wangu, katika kutafuta namna ya kuandika nilichokula nimemkosea shemeji, nimeua simu, na nimeaibishwa na binti wa Mboje mbele ya mke wangu. Kaa vizuri.

Nilianza na uzito. Mizani ya kituoni, ile ya kusimama, siiamini, inayumba ukikohoa. Mimi nimepima pamba ya watu miaka ishirini na sita pale chama cha msingi cha Sola, siwezi kupimwa na kitu kinachoyumba. Nikaenda ghalani kwa Selestini, yule kijana niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni karani wa mizani hapa Bariadi. Msimu haujafika, ghala tupu, mizani inaning'inia bure. Nikamwambia anipime.

Akasema, mzee utakaaje? Nikamwambia, inavyokaa pamba. Wakatandika turubai, nikaketi katikati, makuli wawili wakafunga ncha nne, wakanipandisha kwenye ndoano. Nikaning'inia pale magoti yamegusa kidevu. Selestini akasoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka: "Tisini na sita na nusu!" Kuli mmoja akauliza, "Safi au fifi?" Selestini akanitazama kuanzia viatu mpaka mvi, akasema, "Fifi."

Elina, daraja la pili! Pamba ile chafu yenye majani na madoa! Na hiyo tofauti ya safi na fifi ni mimi niliyemfundisha. Nilitaka kumjibu, lakini mtu akiwa ndani ya turubai maneno yake hayana uzito.

Basi nikaanza na simu. Nilimwambia Goodness nataka kupunguza kitambi tu, akaniwekea programu akiwa kulekule Dodoma, sijui kwa miujiza gani. Unaandika chakula, inakujibu. Nikiandika ugali, inauliza gramu ngapi. Nikiandika nsansa, yale majani yetu ya kunde ya kukausha, inaniletea picha ya samaki. Michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, haiijui kabisa; ikanishauri niandike chipsi. Michembe na chipsi wapi na wapi! Halafu kila saa kumi na moja jioni inaniuliza kama nimekula saladi. Nilianza kuificha chini ya mto.

Ila kwenye kuhesabu hatua nilikubaliana nayo. Ukitembea nayo mfukoni, inahesabu. Sasa Novemba tulikuwa tunalima. Jua likawa kali, nikavua koti, nikalitundika kwenye nira ya maksai wangu Sumuni. Simu ilikuwa mfukoni. Mimi nikakaa kivulini nikisimamia vijana wa plau.

Jioni nikaitazama simu: hatua elfu kumi na tisa.

Sikufanya makusudi siku hiyo ya kwanza, Mungu ananiona. Siku ya pili nilifanya. Siku ya tatu nikamfunga Sumuni koti vizuri lisije likaanguka. Elfu ishirini na tatu! Simu ikaniita bingwa. Goodness kumbe anaona kila kitu kutoka Dodoma, akanitumia picha ya kikombe cha dhahabu, na wewe ukaniandikia ujumbe, bado ninao kichwani: "Kaka, bado una miguu ya ujana." Nilikujibu, "Mazoea tu."

Hongera ile ilikuwa ya Sumuni. Nimeona nikurudishie. Hata leo sijui kama ilihesabu miguu yote minne au miwili ya mbele tu. Siku ya tano Sumuni alijikuna shingo kwenye mti, kioo kikapasuka vipande, na simu haikuwaka tena. Huo ndio ukweli wa ile habari ya "simu iliibiwa".

Hapo Felisita akatoa wazo lake. Alisema kama ni kuhesabu, hesabu matonge. Daktari alisema ugali usizidi ngumi, na ngumi yangu tuliipima ikatoa matonge tisa. Basi nikaweka punje tisa za mahindi mfuko wa kulia wa shati, kila tonge nikilimeza nahamisha punje moja kwenda kushoto. Punje zikiisha kulia, nanawa. Siku sita ilikwenda vizuri sana, nikajiona fundi.

Siku ya saba akaja shemeji Yakobo, kaka yake Felisita, kutoka Mwanhuzi. Unamjua Yakobo, mtu mkubwa, mtu wa ng'ombe mia na maneno kumi. Felisita akachinja jogoo, akasonga ugali kama mlima, akatuwekea sinia moja. Tukanawa, tukasali, tukaanza.

Na mimi nikaanza kuhamisha punje.

Sasa nikueleze ubaya wake. Tulikuwa tunakula kwa mwendo mmoja, mimi tonge, yeye tonge. Kila akimeza, mkono wangu unakwenda mfukoni. Kufika tonge la nne nikaona macho yake yanafuata mkono wangu. La tano, akatafuna polepole. La sita, akaitazama punje nilipoitoa, akatazama tonge lake, akanitazama mimi. Akalirudisha tonge kwenye sinia. Akanawa.

Nikasema, "Shemeji, mbona hujala?" Akasema, "Nimekula sita. Si umeandika?"

Mayu wee! Unajua sisi kwetu. Mgeni hata kumuuliza ameshiba ni kama kumfukuza. Unamwongezea tu mpaka akuombe msamaha. Mimi nikawa mtu wa kwanza Usukuma nzima kumhesabia shemeji matonge kwa punje za mahindi, na jogoo hajaguswa hata paja. Nilitaka kumweleza, lakini ningemweleza ningesema naumwa, na nilikuwa sitaki mtu ajue. Nikamsindikiza mpaka stendi. Akaondoka na basi la saa nane. Mwanhuzi nzima ikapata habari kabla ya Jumapili: kwa Ndalahwa ugali unakwenda kwa hesabu.

Felisita hakunisemesha siku mbili, na wewe unamjua, kwake siku mbili za kunyamaza ni ugonjwa. Siku ya tatu akapanda basi kwenda kuomba radhi. Punje zangu tisa nikawatupia kuku.

Nikabaki na daftari. Nikanunua lile kubwa la jalada gumu, nikalipigia mistari kwa rula: tarehe, asubuhi, mchana, jioni, mwendo. Hati yangu unaijua, ukurasa ulipendeza ungedhani ni wa serikali. Nikasema sasa nimefika kwetu, hii ndiyo kazi yangu.

Na hapa ndipo penyewe, Elina. Hapa ndipo nilipofanya jambo baya.

Miaka ishirini na sita nilikuwa nakamata watu. Wanamwagia pamba maji iwe nzito. Wanatia mchanga katikati. Mmoja aliwahi kufunga jiwe la kusagia ndani ya pamba, akaniapia kwa jina la mama yake hajui limeingiaje. Nilikuwa nawajua kwa kutazama tu wanavyosimama. Na sasa mimi, na kalamu yangu, na rula yangu, nikawa nafanya hayohayo kwa kupunguza.

Nikila ugali wa watu wawili, naandika "ugali kiasi". Nikipita kwa jirani yetu Veronica, yule anayepika maandazi, nikila manne, naandika "chai". Nilijiambia andazi ni kitu cha kushikia chai tu. Nikienda sokoni kwa pikipiki naandika "sokoni na kurudi", sikusema kwa miguu ya nani. Siku ya harusi pale parokiani nilikula sahani tatu za pilau; daftari linasema, "Nilihudhuria harusi." Na nikisoma jioni nilikuwa nafurahi. Nilikuwa najiamini! Nilimwambia Felisita, huyu mtu wa kwenye daftari hali kabisa, atapona.

Tarehe ishirini Januari nikaenda kliniki na daftari kwapani, Felisita nyuma yangu. Siku hiyo alikuwepo nesi mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mpole, akasema anaitwa Philomena Mboje. Nikauliza, Mboje yupi? Akasema, Mboje wa Sola.

Nikahisi kiti kimepungua.

Mboje aliniletea magunia manne mwaka mmoja, chini yameloa. Nilimmwagia pamba yote kwenye turubai mbele ya watu, nikampa siku nzima aianike palepale, kila anayepita anaona. Alikuja na katoto kake ka kike, kakakaa pembeni ya ile pamba siku nzima kakifukuza mbuzi. Sikuwa nimemtukana mtu, nilifuata kanuni, lakini wala sikuwa nimemwonea huruma.

Katoto kenyewe ndiye huyu. Alifungua daftari langu, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Akauliza kwa adabu, "Baba, kiasi ni kilo ngapi?"

Akageuza kurasa mpaka mwisho.

"Nimehesabu kiasi arobaini na moja. Ulipokuwa Sola, mtu akikuambia ameleta pamba kiasi, ulikuwa unaandika ngapi?"

Felisita akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaona nijitetee, nikasema kumbukumbu yote imo humo, hakuna siku yenye pengo. Philomena akasema vizuri, ila asubuhi amechukua damu yangu, na damu nayo ina kumbukumbu yake ya miezi mitatu. Kipo kipimo cha kuisoma. Akageuza karatasi nione: kumi na moja nukta mbili. Anataka chini ya saba. Akasema taratibu, kama mtu asiyetaka wengine wasikie, "Baba, hii pamba yako imemwagiwa maji."

Ningeweza kukasirika. Nilikuwa nimeanza. Kisha akaniambia nivue viatu.

Nikavua. Akainua mguu wa kushoto, akautazama chini. Akachukua kibano, akavuta mwiba wa mgunga, mrefu kama nusu ya kidole. Ulikuwa umezama wote, na soksi ina damu kavu. Shambani nilikuwa nimekwenda juzi yake. Siku mbili nzima nimetembea na mwiba ule, nimelala nao, nimekwenda nao kanisani.

Nikasema, "Afadhali hauumi." Nesi hakucheka. Felisita naye hakucheka tena.

Elina, nililia. Mbele ya binti wa Mboje, mtu mzima wa miaka sitini na tatu. Si kwa maumivu, maana sikuhisi chochote, na ndicho kilichoniliza. Masalu alikuwa anatuambia hivyohivyo kwenye simu, unakumbuka? Kidonda kidogo tu, wala hakiumi. Na sisi tukawa tunashukuru.

Philomena akasafisha, akafunga, akanipa mpaka Aprili. Namba ikiwa haijashuka, naanza sindano bila mjadala. Tulipokuwa tunatoka nikamwambia anisalimie baba yake. Akasema mzee bado yupo, na akisikia atacheka wiki nzima. Nikamwambia ana haki, mwache acheke hata mbili.

Njiani kurudi ndipo nikakumbuka kanuni ya kwanza ya ghalani, ile niliyokuwa nawafundisha makarani wapya hata kabla hawajaonyeshwa mizani. Mwenye pamba haandiki. Mmoja analeta, mwingine anapima na kusoma kwa sauti, mwingine anaandika, na wote wanatazamana. Hakuna aliyeruhusiwa kupima na kuandika pamba yake mwenyewe, hata awe mwenyekiti wa chama, hata awe katekista. Si kwamba watu wote ni wezi. Ni kwamba kila mtu anajihurumia.

Basi nilikuwa nimechagua simu, nimechagua punje, nimechagua daftari, kumbe kosa halikuwa kwenye chombo. Kosa ni kwamba karani nilikuwa mimi.

Tangu siku ile Felisita ndiye anayeandika. Mimi nala, nasema kwa sauti, yeye anaandika. Hati yake mbaya, mistari haifuati, lakini hakuna "kiasi" hata moja. Nikirudi kutoka kwa Veronica ananusa shati, anaandika "maandazi mawili, alisema moja". Asubuhi natembea mpaka kule kwenye mnara wa simu na kurudi, na Felisita amemwambia kila mtu njiani, kwa hiyo nikikatisha napata taarifa zangu nyumbani kabla sijafika. Miguu yangu anaikagua kila jioni kwa taa ya mkononi, kidole kwa kidole, ananisimulia habari za jumuiya huku akikagua. Na yeye cha kwake nakiandika mimi. Nikagundua mwanamke huyu chakula cha mchana anakula amesimama, siku nyingine hali. Miaka thelathini na minne ya ndoa nilikuwa sijui.

Matokeo: juzi nimerudi kwa Selestini kwenye turubai. Tisini na moja. Sukari ya asubuhi ilikuwa kumi na tatu, sasa ni nane. Sijashinda, Aprili bado, na nasikia njaa ya saa nne kila siku ya Mungu. Lakini inashuka, na inashuka kwenye damu, si kwenye karatasi.

Yakobo naye amerudi. Felisita alikuwa amemweleza ukweli kulekule Mwanhuzi, kwamba shemeji yako anaumwa na anaona aibu. Alikuja wiki iliyopita bila taarifa, akaketi kwenye sinia, akatoa mfukoni konzi ya mahindi, akayaweka mbele yangu. Akasema, "Hesabu, shemeji. Ila ya kwangu utachoka." Tumecheka mpaka ugali ukapoa. Alikula matonge thelathini na moja. Sikuandika, Elina, naapa. Nilihesabu tu kichwani, kazi ya zamani haiachiki.

Sasa nakuja kwako.

Wewe unaishi peke yako. Goodness yuko Dodoma, mumeo ni marehemu, na walimu wenzako huwezi kuwaambia, nakujua, maana mimi na wewe aibu tumerithi kwa mtu mmoja. Kwa hiyo hata ukianza kuandika, utaandika kama nilivyoandika mimi. Utaandika "chai".

Ndani ya kifurushi hiki utakuta nusu ya daftari. Ni lile langu. Nimelikata katikati kwa msumeno wa Paschal fundi seremala, amenishangaa sana. Kurasa za uongo nimezitoa, zilizobaki ni safi. Sikiliza vizuri: nusu hiyo si ya kuandika chakula chako. Ni ya kuandika changu. Karani wangu wa pili ni wewe. Nusu iliyobaki huku kwangu nimeandika jalada lake "Elina", na nitaandika chako mimi.

Kila Jumapili baada ya misa nitakupigia. Nitakusomea wiki yangu yote alivyoiandika Felisita, nawe utaandika, utagomba, utauliza kiasi ni kilo ngapi. Ukimaliza, utanisomea yako. Vidonge, chakula, mwendo, na miguu. Miguu hasa. Ukiona kitu mguuni na ukasema hakiumi, nitapanda basi siku hiyohiyo, siku mbili barabarani na miguu yangu hii, na nitakuja na Felisita. Sauti yake yote itakuwa humo nyumbani kwako, chagua mwenyewe.

Mtandao ukikatika nitajua ni maandazi.

Felisita ameongeza humo michembe uliyokuwa unaililia, nikamkatalia, akanishinda. Nimeipima kabla ya kufunga: kilo mbili na robo. Jumapili nitauliza imebaki ngapi. Shusha kile kifuko cha jirani kutoka juu ya kabati leo, kabla hujaigusa.

Nisalimie Goodness akija, mwambie mjomba hana kinyongo, na kile kikombe chake cha dhahabu nilimwonyesha Sumuni. Wasalimie kwaya yenu na Padre. Huku anakusalimu Felisita, Yakobo wa Mwanhuzi, Veronica wa maandazi, na Selestini, ambaye safari hii alinitazama muda mrefu, akasema naelekea safi. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na maji ya kutosha, na aitazame miguu yako kama anavyoitazama yangu.

Jambo la mwisho. Unakumbuka mama alivyokuwa akituwekea sahani moja ya bati sisi watatu? Masalu upande wa mlango, mimi upande wa jiko, wewe katikati yetu. Kila mtu na upande wake, na anayevuka anapigwa mwiko. Hakukuwa na haja ya kuandika, kila mtu alikuwa anaona mwenzake amekula nini. Upande wa Masalu hauna mtu sasa, na mimi bado naupita kwa macho kila nikinawa. Tumebaki wawili kwenye ile sahani. Usiniachie yote, Elina. Daktari amenikataza.

Wako akupendaye siku zote,

kaka yako Ndalahwa
(kilo tisini na moja, ameandika Felisita)